Madoa ya Mimba

Kitendawili! Itikieni basi, msinitazame tu. Ni changu tangu kuzaliwa, natembea nacho popote, lakini dunia nzima inakiona isipokuwa mimi.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, jibu ni uso.

Na uso wa huyu bibie ninayewasimulia, watu waliuona hasa. Mama mkwe aliuona akaguna. Majirani waliuona wakageuza mazungumzo. Mwenyewe ndiye aliyekuwa hauangalii. Siku aliyorudi kutoka hospitali mikono mitupu, alikigeuzia ukutani kioo cha chumbani, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mumewe alijifunza kunyoa ndevu kwa kupapasa.

Mtoto alizaliwa kimya. Ndiyo hivyo. Tumbo likanywea, maziwa yakakauka, nguo pana mama mkwe akazigawa. Yakabaki madoa: mawili ya rangi ya kahawa mashavuni, na moja juu ya mdomo, kama mtu aliyekunywa chai akasahau kujifuta. Yalijitokeza mimba ilipoanza kuonekana. Hakuyachukia, hakuyapenda. Siku hizo alikuwa hachukii kitu. Akiwekewa chakula, anakula. Akiambiwa kalale, analala. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, lakini ukiufinya hausemi.

Sasa, wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa anaolewa. Wifi huyo mdomo wake haukuwa na mlango, lakini roho yake ilikuwa nyeupe. Alitaka mke wa kaka yake asimame ubavuni pake kwenye picha, uso ukiwa safi. Kwanza akampeleka kliniki ya ngozi, ile ya sakafu ya kung'aa na mashine ya kuchoma madoa kwa mwanga. Walipotajiwa bei, wifi alicheka mpaka mhudumu naye akacheka.

"Kwa hela hiyo, dada yangu, uso mnautakasa au mnaujengea ghorofa?"

Ndipo wakaja kwa Fundi, msafisha nyuso.

Fundi alikuwa mama wa makamo mwenye chumba nyuma ya duka la cherehani. Viti viwili vya kulalia, beseni, chupa ya maji ya moto, taulo zilizopauka kwa kufuliwa. Hakuwa na mashine. Alikuwa na shayiri ya kusaga, asali, jani la mshubiri na udongo mweupe wa kulowekwa kwenye mtindi. Krimu za kuchubua hakuziruhusu hata zivuke kizingiti.

Akamlaza bibie kwenye kiti cha dirishani, akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga.

"Kwangu kuna sharti moja," alisema. "Sitoi kitu usoni mpaka mwenyewe aniambie kwa kinywa chake anataka kitoke nini. Niliwahi kumnyoa mtu nyusi, kumbe aliyetaka ni shoga yake. Unataka haya yatoke, mwanangu?"

"Anataka," wifi akadakia. "Toa yote! Ukiweza mtoe na huo unyonge."

"Sijakuuliza wewe."

"Mgonjwa haulizwi uji, Fundi."

"Uso si uji." Akamrudia bibie. "Unataka yatoke?"

Bibie alitazama dari. Kulikuwa na alama ya maji pale juu, akaifuata kwa macho mpaka ilipoishia. Swali alilisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

"Si nimekwambia anataka? Mimi ndiye..."

"Wewe lala hapo," alisema Fundi. "Chunusi zako zinanisubiri." Akachota udongo, akaanza kumpaka wifi kwenye paji la uso. "Huu ukianza kukauka, kusema mwiko. Ukisema unapasuka, tunaosha, tunaanza upya."

"Na nikipiga chafya?"

"Imeze."

Udongo ukashuka mashavuni, ukazunguka mdomo, ukaufunga. Chumba kikatulia ghafla, kama mashine ya kusaga inapozimwa.

Fundi akaloweka taulo, akalikamua, akamwekea bibie usoni. Lilikuwa na moto. Bibie alijua lina moto kwa kuona mvuke. Kisha Fundi akaliondoa, akakata jani la mshubiri, akampaka utelezi wake kidogo nyuma ya sikio kuijaribu ngozi, kama anavyomfanyia kila mgeni.

"Ukiwasha, useme."

Bibie akairudia kwa macho ile alama ya dari.

"Madoa haya nayajua," Fundi aliendelea, sauti ikiwa chini. "Ni ya mimba. Sikudanganyi, kufuta siwezi. Nitakutuliza ngozi, nawe uvae kofia, jua lisiyazidishe. Hufifia yenyewe, taratibu."

"Yenyewe?"

Wifi aligeuza shingo. Hata yeye alikuwa ameisahau sauti ile.

"Mara nyingi."

"Hata nisipopaka kitu?"

"Hata usipopaka."

Mkono wa bibie ukapanda shavuni. Vidole vikatua juu ya doa, vikalizunguka kando kando, kwa upole, kama mtu anayepapasa kitu gizani asije akakiamsha. Maziwa yalipokauka, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nguo zilipotoka nyumbani, alikuta kabati limefagiliwa. Sasa na madoa haya yana safari yao. Shavu lilikuwa na moto wa taulo. Aliusikia.

"Mmh! Mmh!" wifi akaguna kutoka kiti cha pili, macho yamemtoka, kidole kikionyesha madoa kisha mlango, yaani yatoke, yatoke.

"Tulia, utapasuka," Fundi akamwambia bila kugeuka.

Hakulirudia swali. Alisimama na bakuli lake mkononi, akasubiri. Upande wa dukani cherehani ilikimbia, ikasimama, ikakimbia tena.

"Sitaki yatoke," bibie akasema. "Nioshe uso tu."