Vitufe Visivyo na Majina

Kila siku ya kazi Specioza alifika jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, kabla king'ora cha asubuhi hakijalia, akatundika mkoba wake kwenye msumari nyuma ya mlango, akaifuta simu kwa kipande cha kanga, akaketi. Alikuwa opereta wa swichibodi tangu enzi za chama cha ushirika. Alikuwa haoni tangu surua ya utotoni, na kazi ile ilimfaa kama inavyomfaa yeyote mwenye masikio na adabu. Vituo vya kununulia pamba vilipiga simu, yeye akapokea, akasalimia kwa Kisukuma, kisha akaagiza lori.

"Mwangaluka, Bukundi."

"Mwangaluka mhola, mayu. Ghala limejaa, tunalaza pamba nje."

"Gari linakuja."

Hivyo ndivyo pamba ya Bukundi, Mwamanyili na Nyashimo ilivyofika Bariadi bila kulowa.

Kisha ushirika ukafilisika, kama vyama vingine vingi miaka ile ya soko huria, na jineri ikauzwa kwa kampuni. Kampuni ilipaka geti rangi, ikapunguza wafanyakazi, ikang'oa swichibodi. Mahali pake ikaweka kompyuta ya kugusa kioo, yenye ukurasa wa mtandao uliotengenezwa Dar es Salaam. Sasa makarani wa vituoni walituma ujumbe kwa simu zao za mkononi, ujumbe ukatokea kwenye ukurasa, na opereta akabonyeza kitufe kuagiza lori. Hapakuwa tena na haja ya kusalimiana, jambo ambalo kampuni ililihesabu kuwa faida.

Meneja, Bwana Marcelo, hakuwa mtu mbaya. Alimwita Specioza akamwambia waziwazi. "Mama, makao makuu wanasema kila mtumiaji wa mfumo atapimwa. Peke yake, bila msaidizi. Atakayeshindwa, kazi imekwisha."

"Nitajifunza," alisema Specioza.

Hakuwa na namna nyingine. Bariadi nzima hapakuwa na ofisi nyingine iliyokuwa ikitafuta opereta asiyeona, na umri wake haukuwa wa kuanza kubembeleza waajiri.

Fundi kompyuta wa kampuni alikuwa kijana wa Nyashimo aliyeitwa Novatus. Alimwekea Specioza programu ya kusoma skrini kwa sauti. Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamume wa Kizungu aliyetafuna Kiswahili kama karanga mbichi, lakini Specioza aliizoea upesi, akawa anasikia kila ujumbe wa kila kituo. Maneno hayakuwa na shida. Shida ilikuwa vitufe. Kila ombi lilikuja na vitufe vitatu: chenye picha ya sikio kilikuwa cha kupokea, chenye picha ya lori cha kutuma gari, na chenye picha ya ndoo cha kufuta. Watengenezaji walikuwa wamezichora picha hizo vizuri sana, wakasahau kuziandikia majina ambayo sauti ingeyasoma. Kwa hiyo sauti ilipofika kwenye sikio ilisema, "Batani." Ilipofika kwenye lori ilisema, "Batani." Ilipofika kwenye ndoo ilisema, "Batani."

"Si uvihesabu tu, mama?" alishauri Bwana Marcelo.

Specioza alivihesabu. Lakini vitufe havikukaa mahali pamoja. Kila ombi jipya lilipoingia lilirukia juu, yaliyokuwapo yakasogea chini, na kidole kilichokuwa kwenye lori kikajikuta kwenye ndoo. Siku moja alifuta ombi la Bukundi akidhani ametuma gari. Mvua ikanyesha juu ya pamba iliyolazwa nje. Karani wa Bukundi hakugomba. Alimpigia Novatus, akaomba azungumze na mayu, kama vituo vyote vilivyomwita Specioza, akamsalimia, kisha akakata simu. Salamu ile tupu ilimuuma Specioza kuliko matusi.

Novatus alipiga simu Dar es Salaam kwa watengenezaji. Walimpokea kwa heshima. Walimwambia ni kweli, vitufe havina majina, na kuviandikia majina ni kazi ndogo, mtu angeimaliza huku chai yake haijapoa. Lakini majina yamo kwenye awamu ya pili.

"Awamu ya pili lini?"

"Bado haijasainiwa, kaka."

"Basi nipeni ufunguo wa ukurasa niandike mwenyewe."

"Hilo nalo halimo kwenye mkataba."

Kesho yake asubuhi, Specioza alipowasha kompyuta, vitufe vilianza kulia.

Vililia kama watoto wachanga, kila kimoja kwa sauti yake. Cha sikio kililia kwa kukatakata, cha lori kwa sauti nzito, na cha ndoo kililia mfululizo bila kuvuta pumzi. Bwana Marcelo alitoka ofisini kwake akaagiza spika zipunguzwe sauti. Novatus alizichomoa kabisa, kilio kikaendelea. Felisita, mama wa chai, aliweka birika chini akasikiliza.

"Hao wanataka majina," alisema, akamimina chai.

Novatus alijishika kichwa. Si kwa mshangao. Aliona haya kwamba hakuliwaza mapema. Yeye mwenyewe shuleni ni Novatus, lakini nyumbani ni Mwandu. Alipozaliwa alilia mpaka ndugu wakakosa usingizi, wakamtajia majina ya wafu wa ukoo moja baada ya jingine, na alipotajiwa babu yake Mwandu akanyamaza palepale, akanyonya. Kila mtu pale alimjua mtoto wa namna hiyo, au alikuwa ndiye. Walijua pia kwamba jina linalotuliza ni la mtu aliyekwisha kufa. La aliye hai halisaidii kitu.

Kwa hiyo Specioza alisogeza kiti karibu na skrini, akaanza kuita.

Kitufe cha sikio kilinyamaza alipomtaja Salu, bibi yake, mwanamke aliyekuwa akiitika kabla hujamaliza kumwita. Cha lori kilisumbua. Kiliukataa ukoo wote wa baba, kikaukataa na wa mama, mpaka Novatus alipokumbuka dereva wa zamani wa ushirika, Maganga, aliyesombwa na mto pamoja na gari lake. "Maganga," alisema Specioza, na kilio kikakatika. Kikabaki cha ndoo. Pale ofisini hapakuwa na mtu aliyekuwa tayari kutoa mfu wake akawe wa kufuta. Kililia mpaka mchana. Mwishowe Specioza akakipa jina la kaka yake, Mayige, aliyelifuta zizi zima la baba yao kwa pombe kabla hajafa. Hakuna mtoto katika ukoo aliyewahi kupewa jina hilo, kwa sababu zinazoeleweka. Kitufe kikanyamaza, na Specioza akasikia kikishusha pumzi.

Tangu siku hiyo kazi ilinyooka. Specioza aliposema, "Salu," ombi lilipokelewa. Aliposema, "Maganga, Mwamanyili," kitufe kiliitika popote kilipokuwa, kidole kikakifikia, lori likaondoka. Ni kweli Maganga hakupenda kuondoka kabla ya uji, kama alivyokuwa enzi za uhai wake, kwa hiyo magari ya alfajiri yalichelewa kidogo. Jina la Mayige hakulitaja ovyo, kwa maana huyo alikuwa mwepesi mno wa kukubali. Madereva waliridhika, makarani wa vituoni wakaridhika, na Bwana Marcelo akaacha mlango wake wazi. Felisita alimwambia Specioza kuwa amenenepa. Alikuwa amenenepa kweli.

Mpimaji alifika kutoka makao makuu mwishoni mwa msimu, mwanamke kijana aliyeitwa Apolonia. Aliwasalimia watu wote vizuri, akaomba Novatus atoke chumbani, kama utaratibu ulivyotaka. Asubuhi hiyohiyo watengenezaji walikuwa wameleta toleo jipya la ukurasa. Lilikuwa na rangi nzuri na vitufe vya mviringo, vingi kuliko vya zamani. Majina hayakuwamo.

Specioza aliwasha kompyuta, vitufe vyote vikaangua kilio.

"Salu," aliita. Hakuna aliyeitika. "Maganga." Kilio kikaendelea. Hata Mayige, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukataa mwito, hakuitika. Wafu wale walikuwa wamekaa kwenye picha za zamani, na picha za zamani zilikuwa zimefutwa. Specioza alijaribu majina mengine, shangazi, babu wadogo, katekista mmoja aliyemfundisha sala. Vilio vilizidi.

Apolonia alikuwa ameacha mtoto anayenyonya Dar es Salaam. Kwa vilio vile maziwa yalimtoka, yakalowesha blauzi yake mbele. Alitoka nje, akaazima kanga kwa Felisita, akajifunga kifuani, akarudi kuendelea na kipimo.

"Mama, kuna ombi la Mwamanyili hapo," alisema kwa upole. "Tuma gari."

Ombi lilikuwa la kweli. Pamba ya Mwamanyili ilikuwa nje, na mawingu yalikuwa yamefunga tangu asubuhi. Specioza aliweka kidole juu ya kitufe. Sauti ikasema, "Batani," na kitufe kikalia chini ya kidole chake. Akahamia cha pili. "Batani." Akahamia cha tatu.

"Kipi ndicho cha gari?" aliuliza.

"Siruhusiwi kukuambia."

Specioza hakubonyeza. Aliwaza watu wa Mwamanyili waliosimama kando ya mafurushi yao, akaondoa mkono, akauweka mapajani. Alikaa hivyo mpaka muda wa kipimo ukaisha. Apolonia mwenyewe ndiye aliyebonyeza, lori likaenda.

"Pole, mama," alisema. Kisha akaandika kwamba mfumo unafanya kazi vizuri na mtumiaji ameshindwa. Yote mawili yalikubaliwa makao makuu.

Specioza alitoa mkoba wake msumarini akarudi nyumbani kwake, mtaa wa Malambo. Kiti chake alipewa Goodness, binti aliyemaliza kidato cha nne na mwenye macho mazuri. Goodness aliziona picha zote, akabonyeza alichotaka. Vilio vilipomzidi alichota pamba ghalani akaziba masikio, na wengine ofisini wakamuiga. Pamba haikuwa shida pale. Novatus aliendelea kupiga simu Dar es Salaam, akaendelea kupokewa kwa heshima. Bwana Marcelo alifunga mlango wake.

Jumapili moja baada ya misa Goodness alimwendea Specioza nyumbani, akapiga magoti.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka mhola, mwanangu. Vinaendeleaje?"

"Vingine nimevizoea. Kuna kimoja, mayu, kinapenya pamba. Nakisikia hata nikila. Nimekuja kuomba jina."

"Kina picha gani?"

"Ya mtu. Kichwa na mabega tu, hana uso. Wanasema ndiyo alama ya mtumiaji."

Specioza aliendelea kuchambua mchele kwa vidole. Alichambua mpaka ungo ukaisha.

"Jaribu Specioza," alisema.

Goodness aliinua kichwa. "Mayu, hilo ni lako. Si tunataja la aliyekwenda?"

"Kajaribu."

Jumatatu asubuhi Goodness alitoa pamba masikioni, akasogeza mdomo karibu na skrini, akasema, "Specioza." Kitufe kikanyamaza palepale. Alikisikiliza kidogo kuhakikisha, kisha akarudisha pamba masikioni kwa ajili ya vile vingine, akatuma lori Bukundi.