Saa Iliyolia Ndani ya Jibini

Muzee Ndagijimana alikuwa na watoto sita, ng'ombe kumi na tisa na saa ya mkononi, na ukimsikiliza akiisifu ungedhani saa ndiyo aliyoizaa. Ilikuwa saa ya kijeshi, nyeusi na nene. Aliinunua Goma kwa mchuuzi aliyeipigiza kwenye jiwe la volkano mbele yake, kisha akaiokota ikiwa inatembea. Tangu hapo ng'ombe mkali aliikanyaga, pikipiki ikaipitia njiani Sake, na mara moja ililala wiki nzima katika tope la zizi. "Saa hii haikufake," alikuwa akisema. "Miye nitakufa, yeye itabaki." Kasoro yake ilikuwa moja tu: ilichelewa dakika tatu nyuma ya simu za watu wote. Muzee hakukubali. Simu zenu ndizo zinakimbia, aliwaambia, na hapo mazungumzo yaliisha.

Basi saa hiyo ikapotea, na binti yake Umutesi akapoteza mchumba.

Muzee alikuwa akitengeneza jibini nyumbani kwake, kwenye vilima vya Masisi. Kila alipotaka kuingiza mikono ndani ya maziwa aliivua saa na kuitundika kwenye msumari juu ya meza. Tarehe kumi na nne alitoka kunawa, akarudi, akakuta msumari mtupu. Aliyebaki chumbani alikuwa Hitimana, aliyekoroga maziwa pale kwa miaka minne, na ambaye wazee wake walikuwa wamekwisha kuja kumposa Umutesi. "Saa haina miguu," muzee alisema, akamfukuza saa hiyo hiyo. Na kana kwamba hilo halikutosha, wiki iliyofuata alishuka na mzigo wa jibini hadi kwenye meza ya Umutesi sokoni Majengo, mjini Goma, akatangaza mbele ya wauzaji wote, "Mumujue Hitimana! Ni mwizi!" Sokoni wakatikisa vichwa, wakasema lisemwalo lipo. Hitimana alikwenda Munigi kuvunja mawe ya ujenzi, na neno lile likafika Munigi kabla yake.

Umutesi alilia hadi akakasirika, kisha akakasirika hadi machozi yakakauka. Alimjua Hitimana. Lakini kumjua mtu si ushahidi.

Ijumaa moja asubuhi, siku ya ishirini na tatu tangu saa ipotee, alikuwa amepanga jibini kumi na mbili mezani. Mzigo ulikuwa umeshuka jioni iliyotangulia tu, kutoka banda la kukomazia lililo mbali na nyumba ya muzee, ambako asubuhi hakuna mtu. Mama Charline, mwenye mgahawa, mtu wa Butembo asiyenunua kitu bila kukibonyeza mara tatu, alikuwa akibonyeza la nne. Ghafla, kutoka pale mezani: pi-pi! Pi-pi! Pi-pi!

"Bombe!" akapiga kelele muuza samaki.

Mtu wa Goma hukimbia kwanza, maswali baadaye. Kufumba na kufumbua, soko lilibaki viatu na dagaa waliomwagika. Mama Charline, ambaye kila siku alilalamikia magoti yake, aliruka meza ya nyanya bila kuigusa. Umutesi naye miguu ilitaka kwenda, lakini masikio yalimzuia. Sauti ile aliijua! Ndiyo iliyokuwa ikiita watu wa nyumba yao kwenye maziwa kila siku saa moja asubuhi, tangu yeye akiwa msichana mdogo.

Alilaza sikio juu ya jibini la kwanza, la pili, la tano. Katika la saba alizikuta pi-pi mbili za mwisho, kisha kimya. Kwenye ganda lake kulikuwa na nambari ya tarehe ambayo baba yake huichora kwa msumari jibini likiwa bado bichi: 14.

Alishika kisu. Halafu akakiweka chini, na hilo lilimgharimu nguvu kuliko kukishika. Akilifungua peke yake, baba atasema Hitimana amemrudishia saa kwa siri na wamepanga hadithi. Ganda lilikuwa zima, bila ufa wala kiraka. Alione muzee kwa macho yake, alisikie kwa masikio yake.

"Umutesi, hiyo kitu itupe ku ziwa!" Mama Charline aliita kutoka nyuma ya ukuta.

"Si bombe, mama. Ni saa ya papa."

"Basi kata tuone!"

"Haikatwe na mutu. Kesho."

Alilifunga jibini kwa kitenge, akalibeba mgongoni kama mtoto mchanga, akaondoka. Watu walimpisha njia pana kuliko wanavyompisha askofu.

Akampigia baba yake simu. "Papa, ushuke leo. Kesho, mbele ya saa moja, ukuwe ku meza yangu."

"Juu ya nini?"

"Utasikia."

Kisha akapanda pikipiki hadi Munigi. Hitimana alimsikiliza hadi mwisho, nyundo mkononi, vidole vimefungwa vitambaa. "Pale niliitwa mwizi," alisema. "Sirudi pale."

"Ni pale pale ndipo utaitwa jina lako," Umutesi akamjibu.

Jumamosi wote waliokimbia walikuwepo, pamoja na ambao hawakukimbia kwa sababu hawakuwepo. Jibini lilikaa peke yake katikati ya meza, na watu walilizunguka kwa mbali. Muzee Ndagijimana alifika na fimbo yake, akasalimia kila mtu isipokuwa Hitimana. Hitimana alisimama pembeni na mfuko wake wa nyundo, vumbi la mawe kichwani.

Mama Charline aliinua simu yake. "Saa moja kamili!"

Kimya. Dakika moja ikapita. Je, betri imekufa usiku? Baada ya yote hayo? Dakika ya pili. Mtu akacheka.

"Mutoto wangu," muzee akasema, "umenitoa Masisi yote ile juu ya kuangalia fromaji?" Akageuka aende. Hitimana naye akautupia mfuko begani.

Pi-pi! Pi-pi! Pi-pi!

Muzee aliganda. Safari hii hakuna aliyekimbia, ingawa muuza samaki aliinua mguu mmoja. Simu ya Mama Charline ilionyesha saa moja na dakika tatu.

"Dakika tatu, papa," Umutesi akasema. "Simu zetu zinakimbia, si ni vile?"

Muzee alisogea. Aligeuza jibini, akasoma kumi na nne yake mwenyewe, akalizungusha ganda lote chini ya kidole gumba. Ndipo akakumbuka: siku ile gari la mzigo lilikuwa likimpigia honi, na yeye mwenyewe, kwa haraka, ndiye aliyejaza kalibu ya jibini chini ya msumari, hakuona saa ikidondokea humo, akafunika, akakandamiza kwa jiwe, akaenda kunawa. Akamnyooshea Hitimana mpini wa kisu. "Kata."

"Hapana, muzee. Weye ndiye ulifunga. Weye ndiye utafungua."

Muzee akakata. Saa ilikuwa imelala humo, mkanda umejikunja, weupe wa jibini umeijaa kila kona, na tarakimu zake zinatembea! Soko lililipuka kwa vigelegele.

"Mumeona!" Muzee aliinua mkono juu, macho yaking'aa. "Jiwe la kilo kumi! Kulowekwa maji ya chumvi! Siku ishirini na ine! Nilisema haikufake!"

Halafu akamwona Hitimana, ambaye hakucheka. Mkono ukashuka taratibu.

"Chukua," muzee akasema, akimpa saa. "Ikuwe yako."

"Sitaki saa. Ulisema mbele ya hawa batu, muzee. Sema tena mbele yao."

Muzee Ndagijimana hakuwahi kuomba radhi, hata kwa mkewe. Alikohoa, akanong'ona kitu kisichosikika.

"Siku ile ulipiga kelele, papa," Mama Charline akamkumbusha.

Basi akapaza sauti. "Hitimana hakuiba! Miye nilimuita mwizi, na saa ilikuwa chini ya mukono wangu mwenyewe. Nimemukosea. Anisamehe."

Hitimana aliliangalia jibini, na lile shimo lenye umbo la saa. Kwa vidole vyake vilivyofungwa vitambaa akamega kipande kando ya shimo, akakitia mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu sana.

"Chumvi imepunguka," akasema mwishowe. "Nilipoondoka, nani alipima maji ya chumvi?"

"Nilipima miye," muzee akajibu kwa unyonge.

"Ndiyo maana." Hitimana akauweka mfuko wa nyundo chini ya meza ya Umutesi. "Kesho kutwa nitapanda Masisi na weye. Hii haiwezi kuendelea."

Na hapo Umutesi, aliyekuwa amemaliza machozi yote tangu wiki ya kwanza, akakuta bado yako mengi.