Kona za Bibi Tjalda

Mtu wa kijiji cha Rysum akifika Nürburg, kwenye barabara ya mbio za magari milimani, huchekwa kabla hajashuka garini. Kwao ni tambarare tupu. Ng'ombe akipanda tuta la kuzuia bahari, huhesabiwa amepanda mlima. Wiebke Janssen alilijua hilo, akajikaza. Timu ya Bi Hiltrud ilitaka dereva wa kupokezana usukani na Ottmar, dereva wao mkongwe, katika mbio za kesho, na leo ndiyo siku yake ya kujaribiwa. Akivurunda, shemeji wa Ottmar alikuwa ameshakaa pale gereji, helmeti magotini, tayari kuichukua nafasi.

"Umewahi kuiendesha barabara hii?" Bi Hiltrud, mwenye timu, aliuliza.

"Kila siku. Sebuleni kwa bibi yangu, kwenye gemu."

Gereji nzima ikaangua kicheko. "Sikia binti," alisema Ottmar akifuta machozi, "hapa ukigonga ukuta, hakuna kitufe cha kuanza upya."

"Ndiyo maana nimeshaugonga wote kule."

Sasa wakamcheka Ottmar. Hata hivyo mzunguko wa kwanza ulimtoa Wiebke jasho. Gemu halikumwambia kwamba kwenye mteremko tumbo hupanda hadi kooni. Mbaya zaidi, alizoea kukanyaga breki akiuona msonobari fulani ulioinama, na msonobari haukuwepo. Ulishakatwa, gemu lake la zamani halikuwa na habari. Akatoka nje ya barabara, akalima majani kama trekta, akarudi kwa bahati tu.

"Nimeona," Bi Hiltrud alisema redioni. "Mzunguko mmoja zaidi, kisha ushuke."

Ukungu mwepesi nao ukateremka msituni, ukafunika hata alama zilizobaki. Wiebke alitaka kulia. Sasa shemeji wa Ottmar atakuwa anavaa glavu.

Hapo akamkumbuka bibi yake. Bibi Tjalda hakuwahi kuyaweza majina ya kona za huku. Alikaa nyuma ya kiti cha mjukuu wake, akifuma soksi, chai pembeni, akazibatiza kona zote upya kwa nyumba za kijiji chao. Rysum imejengwa duara; ukitoka mlangoni ukaenda tu mbele, unarudi mlangoni kwako. Kona ya kushoto inayojificha aliiita Kwa Mchungaji, maana naye humtokea mtu ghafla. Inayofuata, ile ndefu inayokuvuta nje, ni Kwa Muoka Mikate. "Mbona unampita mchungaji mbio hivyo, mjukuu wangu? Atakuona!"

Kijijini kwake mtu hahitaji msonobari wa kumwonyesha njia, na ukungu Rysum ni jambo la kila siku.

"Haya bibi," Wiebke alisema kwa sauti. "Twende nyumbani."

"Unaongea na nani?" redio ikauliza.

"Napita kwa mchungaji!"

"Amechanganyikiwa huyo," Ottmar alisema kule gereji. "Mwite arudi."

"Hebu nyamaza," Bi Hiltrud alimjibu, macho kwenye saa.

Gari likakata kushoto pale pale lilipotakiwa. Kwa muoka mikate Wiebke akaliacha livutwe hadi ukingoni, akalikamata, akalirudisha. Kwenye mteremko tumbo likapanda, akaliacha lipande. Alizipita nyumba zote moja moja akizitaja, na furaha ikamjaa hadi akawa anapiga kelele peke yake ndani ya helmeti. Alipokatisha mstari wa kumalizia, fundi mmoja alipiga mluzi. Muda wake ulikuwa mfupi kuliko ule wa Ottmar wa asubuhi, jua likiwaka. Shemeji wa Ottmar akaitia helmeti yake ndani ya begi, akaenda kutafuta soseji. Jioni Wiebke akawasimulia Bi Hiltrud na Ottmar kona za bibi yake.

Kesho yake Wiebke aliendesha zamu ya kwanza, akampokeza Ottmar gari likiwa mbele ya magari mengine yote ya daraja lao. Haukupita muda, ukungu ukarudi. Wiebke alisimama kando ya Bi Hiltrud, nywele zimelowa jasho, akamwona mama yule akiisogeza redio mdomoni bila hata kutabasamu.

"Ottmar, punguza. Unafika kwa mchungaji."

Sauti ya Ottmar ikaja, na kelele za injini nyuma yake.

"Nimeshampita. Nani anafuata?"

Bi Hiltrud akamkabidhi Wiebke redio.