Bomba Kavu, Dawa Kichwani

Fundi aliamka na hasira, akaenda nazo kazini, akazifungia kwenye mfuko wa aproni pamoja na kitana na pini za nywele. Siku hiyo alikuwa anakwenda kumpaka bintiye mwenyewe dawa ya kulainisha nywele. Miaka yote ya saluni alikuwa amelainisha vichwa vya watu hadi vidole vikamchubuka ndani ya glavu, lakini kichwa cha bintiye hakuwahi kukigusa na lile kopo la dawa. Alimsuka, akamfumua, akampaka mafuta, basi. Wenzake walimtania kwamba yeye ni mpishi asiyeonja chungu chake. Alicheka nao, akaendelea kutokuonja.

Aliyemfikisha hapo ni Madam. Madam alikuwa mteja wake wa tangu zamani, mkuu wa wafanyakazi katika kampuni ya bima, mwanamke wa sauti ndogo na amri kubwa. Fundi alikuwa amemwomba amtafutie bintiye kazi, na aliomba kwa unyonge hata yeye mwenyewe akajionea haya. Nafasi ikapatikana, ya mapokezi. Madam akamwita binti ofisini, akamwangalia juu hadi chini, akaviona vyeti vyake, akaridhika. Kisha akasema kwamba pale mbele anataka mtu wa kupendeza, na nywele zile zilizosimama hazimpendezi mgeni yeyote. Zilazwe kwa dawa Jumamosi, yeye mwenyewe atakuwepo saluni kuona, na Jumatatu aanze kazi.

Fundi alijaribu. Alimweleza kwamba binti amefumua misuko juzijuzi, kichwa bado kibichi, na amejikuna, na mtu aliyejikuna hapakwi dawa. Apewe japo wiki moja. Madam akajibu kwamba baada ya wiki moja nafasi itakuwa ya mtu mwingine, na kwamba watoto wa siku hizi wamedekezwa. Yeye amepaka dawa tangu usichana wake na wala hasikii kitu.

Fundi akameza maneno. Maana katika dunia hii nzima, yeye ndiye aliyejua kwa nini Madam hasikii kitu. Katikati ya utosi wa Madam palikuwa na mahali palipong'aa, pana kama kiganja cha mtoto. Zamani dawa ilimchoma hapo. Fundi akamsihi akipumzishe kichwa, Madam akacheka, ikapakwa tena kidonda kikiwa hakijapona, kisha tena, mpaka ngozi ikawa ngumu na nywele zikakata tamaa ya kuota. Tangu hapo, kila Jumamosi Fundi alizivuta nywele za upande, akazipitisha juu ya ule upara, akazibana ndani kwa ndani kwa pini, na mtu akimwona Madam barabarani anasema nywele ndizo hizo. Hakuna aliyeijua njia ya pini zile, hata Madam mwenyewe. Alilala na kilemba na kuoga na kofia ili kazi ya Fundi isiharibike.

Basi Jumamosi ikafika. Saluni ilikuwa chumba kimoja kirefu, viti vitatu, sinki mbili nyuma, na feni lililozunguka kwa kujilazimisha. Asubuhi walisikia kwamba maji ya mjini yamekatika. Mwenye saluni, mwanamke ambaye wafanyakazi walimwita Tajiri, akaapa kwamba tangi limejaa, amelijaza jana kwa macho yake, watu wafanye kazi.

Madam alipakwa kwanza. Kisha Fundi akamkalisha bintiye kiti cha pili, akampaka mafuta mazito kwenye paji la uso, nyuma ya masikio na shingoni, mengi kuliko anayompaka mteja yeyote. Akagawa nywele kwa mkia wa kitana, akaanzia kisogoni. Harufu ikapanda, ile inayokata pua na kuingia mpaka kooni. Kwenye kopo palikuwa na picha ya mwanamke mwenye nywele za kumwagika mabegani, anacheka. Fundi alimgeuzia ukutani.

Binti alisema inawasha. Muda si muda akasema inaunguza. Madam, naye ana krimu nyeupe kichwani na gazeti la mitindo mapajani, akamwambia avumilie kidogo, ndiyo kwanza dawa inashika. Fundi hakungoja ishike. Alimwinua bintiye, akampeleka kwenye sinki, akafungua bomba.

Bomba likakohoa, likatema matone mawili ya kutu, likanyamaza. La pili halikukohoa hata kidogo.

Ndoo za akiba, moja ilikuwa na mataulo machafu na nyingine ina mifagio. Tajiri akakimbilia friji, akarudi na chupa moja ya maji ya kunywa, akamtia Fundi mkononi. "Madam kwanza," akasema.

Na miguu ya Fundi ikaenda kwa Madam. Hakuna aliyemsukuma. Ilikwenda yenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ya ndiyo Tajiri, ndiyo Madam, na baadaye kila alipoikumbuka alitamani kuichapa fimbo. Alikuwa ameshafungua kifuniko, ameshakiinamisha kichwa cha Madam, aliposikia nyuma yake sauti ikimwita.

"Mama."

Binti hakupiga kelele. Aliita taratibu, kama alivyokuwa akiita utotoni akishikwa na homa, na ndiyo maana ilimkata maini.

Fundi akageuka, akammiminia bintiye chupa nzima. Maji yakaisha kabla hayajafika kisogoni. Krimu ikachuruzika shingoni, na sasa binti alikuwa anatetemeka. Watu wote wakanyamaza, na katika kimya kile wakasikia maji. Maji mengi, yanamwagika kwa raha zake, na mtu anapiga mluzi.

Ilikuwa nje, mbele ya saluni. Mume wa Tajiri, ambaye wote walimwita Shemeji, alikuwa amechomoa paipu ya sinki kwenye tangi, akachomeka mpira, na anaosha gari. Alishamaliza juu, alishamaliza vioo, sasa alikuwa kwenye matairi, anayasuuza moja moja kwa mapenzi.

Fundi alipandwa na mori. Alimshika bintiye mkono wakatoka vivyo hivyo, krimu kichwani, mbele ya foleni ndefu ya watu waliokuwa wanasubiri duka la simu lifunguliwe. Akampokonya Shemeji mpira. Shemeji akauliza kulikoni, mbona bado tairi mbili.

"Shemeji, gari haliungui," Fundi akamwambia, akamwinamisha bintiye.

Alimwosha kwa muda mrefu. Maji yalishuka meupe kama ya kuoshea mchele, kisha yakashuka na nywele. Nyuma ya masikio ngozi ilikuwa imetoka, nyekundu, na kisogoni kishungi kizima kilimfuata Fundi vidoleni. Binti alilia. Fundi alitukana. Alilitukana kopo, akamtukana yule mwanamke wa kwenye picha, akaitukana kampuni ya bima, meza yake ya mapokezi na wageni wake wanaochagua kichwa cha kusalimiana nacho. Watu wa foleni wakaangalia chini kwa adabu, kisha wakaangalia tena.

Hata hivyo alikumbuka kwamba ndani kuna kichwa kingine. Akapaza sauti: "Madam, njoo! Maji haya hapa!"

Madam alifika mlangoni. Krimu ilikuwa imezilaza nywele zake zote, na upara ulikuwa nje, unang'aa. Akaiona foleni. Mkono wake ukapanda utosini, ukafunika, na mwenye mkono akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kitini. Fundi akamsikia akimwambia Tajiri kwamba wamletee maji ndani. Maji yalikuwa hatua chache kutoka mlangoni, dawa inamla kichwa, na yeye akaona afadhali aliwe.

Fundi aliwaza kumwacha. Aliwaza vizuri tu, bila haraka. Kisha akaifuata ile ndoo ndani, akaitoa mifagio, akaijaza maji ya mpira, akaingia nayo. Alimwosha Madam kwa nguvu kuliko adabu. Juu ya sikio, mahali ngozi ilipokuwa bado hai, palikuwa pameanza kutoa malengelenge, na Madam aliguna. Utosini hakuguna.

Alimkausha, akamkalisha mbele ya kioo. Binti alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, taulo bichi kisogoni, macho yamevimba. Nusu ya nywele zake zilikuwa zimelala na nusu zimesimama. Madam akamtazama kupitia kioo, akamtazama kwa makini kama mtu anayepokea mzigo ulioharibika njiani.

"Jumatatu afunge kitambaa kizuri, hivyo vidonda visionekane," akasema. "Na hizo zilizobaki zimesimama, umpitishie tena kidogo kesho."

Tajiri akaitikia haraka, akasema itafanyika, Madam asijali. Binti alimwangalia mama yake, na Fundi akaona kwamba mtoto anangoja kujua kama kesho atapakwa tena. Alikuwa anangoja kweli. Mama yake alikuwa amempaka leo, kwa nini asimpake kesho?

Madam alifumba macho, akakiegemeza kichwa upande kidogo, namna anayofanya siku zote pini zikitaka kuanza.

Fundi akachukua kitana. Akazichana nywele za Madam taratibu, za kulia zikaenda kulia, za kushoto zikaenda kushoto, kila unywele upande ulikoota. Katikati pakabaki wazi chini ya taa. Akatoa pini zote mfukoni, akaziweka mapajani mwa Madam, na kitana juu yake. Madam akafumbua macho.

"Binti yangu haji Jumatatu," Fundi akasema.

Madam akajitazama kiooni, akatazama mlango, akasikia sauti za watu wa foleni. Akauliza, kwa ile sauti yake ndogo, kama Fundi anajua anachofanya, na yeye atatokaje hapo.

"Funika mwenyewe."

Tajiri alianza kufoka, kwamba asirudi tena, kwamba kazi hana. Fundi alikuwa ameshavua aproni. Akamshika bintiye mkono waende zahanati, na mlangoni akageuka mara moja. Madam alikuwa ameokota pini moja. Aliipeleka utosini, akapapasa, akaisogeza mbele, akairudisha nyuma. Ncha yake ilikuwa imeshaichoma ngozi, na Madam bado anaitafuta ngozi, hasikii kitu.