Injini Niliyomchagulia Namalwa

Namalwa alikuwa na boti moja pale Naivasha, na boti hiyo ndiyo iliyolisha watoto wake watatu. Alibeba wageni sita kila safari, kuwaonyesha viboko na ndege. Mwaka wa 2007 maji ya upande wetu yalipungua, propela ikawa inagonga visiki. Akanituma Nakuru nimnunulie injini ya jeti, ile inayovuta maji na kuyarusha nyuma. Nilikuwa fundi wake kwa miaka tisa.

Dukani nilihudumiwa na Unnati, binti wa mwenye duka. Nilimwambia injini yetu ya zamani ni ya nguvu za farasi ishirini na tano na boti hubeba watu saba, anipe jeti ya ukubwa huohuo. Akasema jeti hupoteza karibu theluthi ya nguvu. Kwa watu saba nichukue ya arobaini. Akafungua kitabu, akanisogezea nisome. Niliacha shule darasa la tano, na Kiingereza kile sikukiweza. Wateja walikuwa wananitazama. Nikamwambia auze misumari, mambo ya boti aniachie mimi. Wanaume wakacheka. Akafunga kitabu, akaniandikia ya ishirini na tano.

Niliijaribu nikiwa peke yangu. Ilienda vizuri sana.

Jumamosi Namalwa alipakia wageni sita. Kiboko akaibuka karibu nao. Alifungua mafuta yote, lakini boti haikuinuka kukimbia juu ya maji, ilijikokota tu. Kiboko akaigonga ubavuni, na mama mmoja akavunjika mkono.

Kesho yake nilimkuta Namalwa ndani ya boti, akifungua bolti za kiti cha nyuma akiondoe. Alisema kosa ni lake, alizidisha mzigo. Sasa atabeba watu watatu tu, na watoto watazoea kula kidogo. Kisha akaniomba msamaha. Mimi. Eti ameniharibia jina.

Ningeweza kunyamaza.

"Si mzigo," nikasema. "Injini ni ndogo. Niliambiwa dukani."

"Na nani?"

"Msichana wa duka."

"Ukamjibu nini?"

Nikamwambia yote, hata yale ya misumari. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu ufukweni wakageuka kututazama.

Namalwa akanipa spana. "Rudisha hicho kiti, fundi. Cha kubadilishwa ni injini. Halafu utoke kwa boti yangu."

Nilikaza bolti zote nne, yeye amesimama juu yangu. Kisha nikashuka majini, nikatembea hadi ufukweni mbele ya watu wote.