Vitunguu vya Bi Jua

Mjane aliposhuka kwenye basi kuja kuishi kwa kaka yake, alikuwa na begi moja la nguo, jembe dogo lililozungushiwa gazeti, na chupa ya dawa ya kikohozi iliyojaa mbegu za vitunguu. Mvua ilikuwa inanyesha. Kaka yake, fundi bomba, alimpokea kwa mwavuli. Mke wa kaka, mshonaji aliyefanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba, alimpokea kwa taulo. Kabla hata ya kuketi, mgeni akauliza hapa kwao jua hutokea upande gani. Mshonaji akamjibu kwamba hata wao wangependa kujua.

Siku ileile akampa wifi yake jina la Bi Jua, na jina likaganda.

Bi Jua alikuwa amelima vitunguu maisha yake yote, kule kwenye nchi kame ambako alimzika mumewe mwaka uliotangulia. Wanawe walikuwa mbali, kila mmoja na hamsini zake. Kaka yake ndiye aliyesisitiza aje apumzike, lakini kupumzika kulimshinda. Alipanga upya vyombo vyote vya jikoni mpaka mwenye jiko akawa anaomba msaada kutafuta chumvi. Alipomaliza jiko, akaanza kuitazama bustani ya nyuma. Mshonaji alimwambia waziwazi kwamba mji ule vitunguu huja kwa lori, hakuna aliyewahi kuviona vikiota. Bi Jua akasema ni kwa sababu hakuna aliyejaribu.

Akalima kama alivyozoea: vitalu vya kuzama, vyenye kingo zilizonyooka, ili maji yasitoroke. Hapa maji hayakuwa na mpango wowote wa kutoroka. Mvua ya kwanza ilipokatika, mshonaji alifungua dirisha akamuuliza wifi yake kama ameamua kufuga bata. Fundi bomba alicheka mpaka akapaliwa na chai. Bi Jua naye akacheka, akasema wataona.

Waliona. Majani yalipata mabaka ya zambarau, yakanyauka kuanzia nchani. Shingo zikawa nene, na chini yake hakuna kitu. Alipong'oa vichache, vilikuwa laini, vya kuteleza, na harufu yake ikafika mpaka kwenye cherehani. Mshonaji alitoka nje akiwa na mzaha tayari mdomoni. Akamkuta wifi yake amechuchumaa, kashika kitunguu kilichooza, mvua inampiga mgongoni wala hajali. Mzaha akaumeza.

Tangu hapo Bi Jua akanyamaza. Alikula, akashukuru, akaosha vyombo, akarudi chumbani. Mshonaji aligundua kwamba nyumba yenye wifi mkimya inatisha kuliko yenye wifi msemaji. Mumewe alimshauri amwache tu, huzuni itapita. Yeye aliona kwamba huzuni ile haikuwa ya vitunguu peke yake, na kwamba kumwacha ndicho walichofanya watu wote tangu afiwe.

Asubuhi moja akaingia chumbani kwa wifi yake bila hodi, akaketi kitandani.

"Wifi, nimewaambia wateja wangu kwamba wewe ni bingwa wa vitunguu. Sasa wananiuliza viko wapi. Unaniaibisha."

"Waambie vimeoza."

"Siwezi. Nimeshajisifu sana."

Bi Jua akasema polepole kwamba kosa lake alilijua tangu mvua ya kwanza, ila ubishi ulimzuia. Kule kwao kazi ilikuwa kuyashika maji. Hapa kazi ni kuyafukuza.

"Basi humu ndani tunaye wa kuyafukuza," mshonaji akasema. "Anakoroma chumba cha pili."

Fundi bomba, ambaye miaka yote kazi yake ilikuwa kuyaleta maji kwenye nyumba za watu, aliamriwa na wanawake wawili ayaondoe. Alilalamika kwamba leo ni mapumziko yake, na hakuna aliyemsikiliza. Waliinua matuta mpaka karibu na magoti, wakachanganya udongo na mchanga na samadi iliyoiva. Katikati ya matuta alichimba mifereji, akapima mteremko kwa pimamaji kama vile anajenga hospitali, akaielekeza mtaroni. Juu wakatandaza nailoni angavu kwenye mabomba yaliyopindwa, pembeni wakaacha wazi ili upepo upite.

Bi Jua alisia mbegu kwenye sanduku chini ya upenu wakati mvua kubwa ingali inapiga, ili vitunguu vije kunenepa mvua ikipungua. Alipopandikiza miche aliacha nafasi pana, hata mshonaji akasema abiria wa daraja la kwanza hawakai kwa raha namna hiyo. Bi Jua akamjibu kwamba kitunguu kilichobanwa hakikauki, na kwamba mtu anayewabania wateja wake viuno asizungumzie nafasi.

Fundi bomba aliwasikia kutoka jikoni, akashusha pumzi. Nyumba ilikuwa imerudi kama zamani.

Majani yalipoanza kulala yenyewe kwa kukomaa, vitunguu vilikuwa vimenenepa. Lakini wiki ya kuving'oa anga likageuka, na kitunguu kisipokaushwa vizuri hakifiki popote. Bi Jua hakungoja. Alivifunga mafungu akavitundika sebuleni, juu ya kochi, kwenye nondo za madirisha, feni ikizunguka kutwa. Fundi bomba alirudi kazini akakuta mafungu yananing'inia juu ya kitanda chake. Akauliza yeye alale wapi. Dada yake akamwambia alale palepale, ila akipumua ageukie ukutani. Bi Jua alipokuwa nyuma ya pazia la chumba cha kushonea akikata majani ya vitunguu, bibi harusi aliyekuja kujaribu gauni alianza kutokwa machozi. Mama yake alidhani ni furaha, akamkumbatia, na mshonaji hakuona sababu ya kumsahihisha.

Shingo zilikauka, maganda yakawa yanachakarika kama karatasi. Havikuwa vikubwa kama vya kule kwao, na Bi Jua alilisema hilo mwenyewe kabla hajaulizwa. Lakini vilikuwa vigumu, vikali, na vilikaa miezi bila kulainika. Mshonaji aliwagawia wateja wake, akiwaeleza kwa kirefu mchango wake katika kilimo hicho.

Ndipo mwana mkubwa wa Bi Jua akapiga simu. Alikuwa amehamia nyumba yenye nafasi, akataka mama yake aende kwake moja kwa moja. Bi Jua alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Akamwambia atakwenda kumtembelea, lakini kuhama hapana. Miche mipya ilikuwa imeshachomoza, na pale nyumbani hapakuwa na wa kumwachia: mjomba wake hana subira, na wifi hajui kutofautisha mche na gugu.

"Nakusikia," mshonaji akasema kutoka kwenye cherehani.

"Nimepaza sauti ili usikie," Bi Jua akajibu. Akamuaga mwanawe, akatoka nje kumwambia kaka yake aondoe matangi mabovu aliyoyarundika kando ya ukuta, kwa sababu safari hii pangehitajika tuta jingine.