Mwizi Asiyetoa

Ngugi hakuwahi kumpa mtu kitu maishani mwake, hata peremende, na wala hakuwa mchoyo. Alikuwa na kipaji alichorithi kwa babu yake: kitu chochote akikichukua kwa mkono wake, mwenye nacho husahau kwamba aliwahi kuwa nacho. Hapa Kitengela kuna watu wengi waliompungia mkono kila asubuhi, wakamuuliza habari za kazi, na redio zao zilikuwa chini ya kitanda chake.

Kipaji hicho kilikuwa na masharti mawili. La kwanza, anayesahau ni mwenye mali halisi. Hili Ngugi alijifunza akiwa mbioni, siku alipochukua saa ya mwenye bucha mmoja na yule bwana akamfukuza na kisu mpaka barabara ya Namanga. Kumbe saa yenyewe naye alikuwa ameiiba. Sharti la pili ndilo lililomkaba koo. Siku atakayompa mtu kitu kwa mkono wake, kiwe kidogo namna gani, kipaji kitakwisha, na watu wote aliowaibia watakumbuka mali yao pamoja na mkono uliochukua.

Sasa mtu wa namna hiyo ana haki gani ya kupenda? Lakini alipenda, tena alipenda vibaya.

Alimkuta Nailantei ndani ya nyumba ya watu, saa nne asubuhi, mwenye nyumba akiwa kazini Nairobi. Ngugi alikuwa amekuja kutafuta televisheni. Nailantei alikuwa jikoni akinywa chai ya mwenye nyumba, miguu juu ya kiti. Yeye pia alikuwa mwizi, ila alijaliwa kufuli: akiweka kiganja juu yake inafunguka yenyewe, bila funguo, bila kelele.

"Karibu chai," alimwambia. "Maziwa ndio hakuna. Huyu mtu ni mbahili."

Walicheka mpaka wakasahau kuiba. Ila Ngugi alicheka huku akikwepa macho yake, kwa sababu yeye hakuwa akimwona Nailantei kwa mara ya kwanza. Mwezi mmoja kabla ya hapo, sokoni, alikuwa amemvua bangili ya shanga kwenye mkono wa kushoto, nyekundu na samawati, akimtupia jicho usoni mara moja tu. Aliichukua kama alivyochukua vingine vyote, kwa mazoea. Tangu siku ya ile chai aliifungia ndani ya mkebe wa biskuti wenye kufuli, na hakuthubutu kuufungua tena.

Wakawa pamoja, kazini na nyumbani, mwaka mzima. Nailantei alikuwa na tabia ya kusugua kifundo cha mkono wake wa kushoto kila alipowaza jambo, na kila alipofanya hivyo Ngugi aliangalia pembeni. Siku ya kuzaliwa kwake Ngugi hakumpa kitu. Krismasi hakumpa kitu. Miezi mitatu iliyopita, wakila githeri, Nailantei alimuuliza ghafla, "Uko na mtu mwingine?" Ngugi alicheka, na Nailantei hakucheka. Tangu hapo kukawa na ubaridi fulani kati yao ambao Ngugi hakuuelewa.

Mama yake Nailantei, Nashipae, aliishi nje kidogo ya Isinya, kwenye shamba la ekari kumi na mbili alilochunga mbuzi wake tangu ujana. Ngugi akifika huko aliinamisha kichwa kama alivyofundishwa, naye mama akamgusa utosini na kumsalimia, "Sopa." Kila mara alitaka kumpa kondoo. Kwao, mtu akikupa kondoo mnaacha kuitana majina. Yeye anakuita Paker nawe unamwita Paker mpaka kufa. Lakini zawadi ya namna hiyo ipo siku hudai zawadi nyingine, na Ngugi kila mara alipata kisingizio. Mama aliumia, ila hakusema. Alichofanya ni kumuuliza binti yake, "Na ile bangili baba yako alikuvalisha ukimaliza shule iko wapi?"

"Bangili gani, Yeyo?"

Mama alisonya, akadhani ameiuza. Ngugi alishindwa kumaliza chai.

Basi akatokea Sydney, wakala wa ardhi, mwenye ofisi juu ya duka la mabati mjini Kitengela. Alimwambia Nashipae ampe hati ya shamba aipeleke Kajiado ikaingizwe kwenye kompyuta. Mama akampa. Miezi tisa ikapita, kila akipigiwa yuko kwenye mkutano, halafu jirani akaja na habari kwamba Sydney anatembeza wanunuzi.

"Mimi nafungua, wewe unachukua," Nailantei alisema. "Akishasahau kama aliwahi kuiona hiyo hati, maneno imeisha."

Ngugi aliona ni mpango safi. Wezi wawili wazoefu, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza shamba ni la nani.

Waliingia saa saba mchana, Sydney akiwa ameenda kula. Mlango ulifunguka, sefu ikafunguka, Ngugi akaichukua hati na kuitia ndani ya jaketi. Walikuwa kwenye bodaboda, wamekaribia Isinya, simu ya Nailantei ilipolia.

"Niko na ujumbe kwa mama yako," Sydney alisema kwa hasira. "Mtu ameiba title kwa ofisi yangu. Lakini hainitishi. Niko njiani na mnunuzi, anataka kusikia Mama mwenyewe akisema kama anauza au hauzi."

Alikata. Nailantei alimgeukia Ngugi. "Mbona anakumbuka?"

Ngugi alikumbuka kile kisu cha bucha. Sydney hakuwahi kuwa mwenye mali, na mwenye hati ndiye mwenye shamba.

Walimkuta Nashipae uani akifunga vitu vyake ndani ya shuka. Sufuria mbili, Biblia, picha ya marehemu mumewe. Alikuwa amefagia uwanja wote vizuri, kama mgeni mwenye adabu anayeondoka.

"Afadhali mmekuja," alisema. "Tusaidiane tutoke kabla wenyewe hawajarudi. Sijui nilikaaje kwa boma ya watu hivi."

"Yeyo, hapa ni kwetu."

"Usiseme hivyo, watu watasikia." Akaangalia nyuma ya nyumba, kwenye rundo la mawe chini ya mti wa miiba. "Kitu inanisumbua ni moja tu. Kwa nini tulizika baba yako kwa shamba ya wenyewe? Tutawaambia nini?"

Nailantei alilia. Ngugi hakuwa amewahi kumwona akilia, hata siku mbwa wa polisi alipomng'ata. Alimshika Ngugi jaketi. "Rudisha. Vile ulichukua, rudisha."

"Nikirudisha, inabidi nimpe. Kwa mkono."

Alikuwa amemweleza habari za kipaji chake zamani, na masharti yote mawili. Nailantei alijua kwamba kesho Kitengela nzima ingekuja mlangoni kudai redio. Alichokuwa hajui ni kwamba yeye mwenyewe angekuwa kwenye foleni hiyo. Ngugi aliogopa. Redio na simu na majirani vingekwisha tu, hata kama ni kwa kufungwa. Alimwogopa huyu mwanamke mmoja atakayekumbuka siku ya soko, na kuelewa kwamba mwaka mzima mtu alilala kando yake akijua.

Vumbi la gari lilikuwa limeshaonekana barabarani.

"Ukinichukia baadaye ni haki yako," alimwambia. "Mimi nakupenda. Hiyo sikuiba."

Akapiga magoti mbele ya Nashipae, akaitoa hati na kumpa kwa mikono yote miwili. "Mama, hii ni yako. Nimekupa."

Mama aliipokea. Alitazama karatasi, akatazama mbuzi, akatazama lile rundo la mawe, kisha akakaa juu ya mzigo wake na kuvuta pumzi ndefu. "Ni nani amefunga sufuria zangu?" aliuliza.

Gari lilisimama. Sydney alishuka na mnunuzi, mtu mwenye kofia ya jua, akaanza kueleza mipaka kwa kidole. Nashipae alimwendea Sydney taratibu, hati mkononi, akasimama karibu naye sana.

"Hii miguu yangu imekanyaga hapa miaka thelathini na moja," alimwambia yule mwenye kofia. "Hii karatasi iko na jina yangu. Huyu kijana nilimtuma Kajiado, sikumtuma kuuza. Sasa wewe uliza swali yako."

Mtu wa kofia alisoma jina kwenye karatasi. Alirudi garini, na Sydney ikabidi akimbie kidogo ili asiachwe.

Ngugi hakuyaona hayo vizuri. Alikuwa akimwangalia Nailantei, aliyesimama ameushika mkono wake wa kushoto. Simu ilianza kunguruma mfukoni mwa Ngugi, ikanyamaza, ikanguruma tena.

"Ulikuwa umevaa jaketi ya kijani," Nailantei alisema. "Nilikuwa nanunua viazi."

"Ndio."

"Baba alinivalisha hiyo bangili akiwa mgonjwa tayari. Alishindwa kufunga kifungo, nikamsaidia. Hata hiyo siku ulikuwa umechukua."

Ngugi alijibu, "Iko kwa mkebe, nyumbani."

"Haiko." Nailantei alitia mkono ndani ya blauzi, akatoa bangili nyekundu na samawati. "Nilifungua mkebe yako. Unajua mimi na kufuli. Nikaona kitu nzuri hivi, umeficha, umefungia, nikajua ni ya mwanamke unapenda sana. Nikaiba ndio uumie." Aliizungusha bangili kiganjani. "Miezi tatu, Ngugi. Miezi tatu nimemchukia huyo mwanamke. Nimemwombea mabaya. Kumbe ni mimi."

Ngugi alilia waziwazi, kama mtoto, bila kuficha uso.

"Sijakusamehe," Nailantei alisema. "Nataka hiyo ijulikane."

"Imejulikana."

"Na kesho tunarudisha zile redio. Nyumba kwa nyumba. Mimi nitasimama nyuma yako, wakikupiga nione."

Nashipae alikuwa akirudi kutoka zizini akivuta kondoo jike kwa kamba. Hakuuliza kwa nini wote wawili wana machozi. Aliona ni mambo yao. Alimwekea Ngugi kamba mkononi, na safari hii Ngugi akaifumbata.

"Umenipa, nimekupa," mama alisema. "Paker."

"Ashe, Paker," Ngugi alimshukuru, na yule kondoo akaanza kumtafuna mkono wa jaketi.

Nailantei alimnyooshea mkono wa kushoto, bangili ikiwa imening'inia wazi. "Nifungie hicho kifungo," alisema. "Lakini usiende kusema ulinipa. Hii niliiba mwenyewe."